Ombi Namba Kumi na Saba

Maombi ishirini na matatu, fedha za manne.
Nayasoma jikoni, kando ya jiko la kuni,
mvua ya Novemba ikigonga dirisha
kama mdai asiyejua kuchoka.
Mimi tabibu wa ng'ombe mstaafu,
mwenye magoti mabovu,
nimepewa kalamu nyekundu na kura moja kati ya tano.

La kwanza lataka mashine.
La pili lataka mashine kubwa zaidi.
La tisa limenyooka kama shati lililopigwa pasi:
halina kosa, wala halina mnyama.
La kumi na moja, kobe wapigao chafya. Nitalirudia.

La kumi na saba lina doa la chai.
Wiebke Thönnissen, miaka ishirini na sita,
aomba yuro elfu tatu mia nane na arobaini.
Vijiti vya pamba, elfu moja.
Glavu, jozi mpya kwa kila salamanda
(*kila mmoja*, amepigia mstari).
Petroli. Betri za kurunzi.
Jokofu la mtumba: *ninalo, msilihesabu.*
Penye mshahara wake pako wazi.

Kuna kijito, aandika, nyuma ya kiwanda cha mbao,
ambako mwaka juzi alihesabu themanini na mmoja,
weusi, wenye madoa ya manjano,
kila mmoja na ramani yake mgongoni;
akawapa majina ya walimu wake wa shule ya msingi.
Mwaka jana, tisa.
Mwaka huu Bi Oellers peke yake,
ngozi imetoboka kama nguo iliyorukiwa na cheche.
Na salamanda hupumua kwa ngozi.
Kwake tundu la sindano ni mlango uliovunjwa.

Usipoziba ufa, tunaambiwa, utajenga ukuta.
Lakini ukuta huu nani aujuaye kuujenga,
mwembamba kuliko karatasi ya sigara,
wenye maji, wenye uhai?

Ng'ambo ya kilima, kijito cha pili.
Kuvu ile ile imefika, na huko hawafi.
Kwa nini? *Sijui*, aandika.
Labda kuna vijidudu vinavyoilinda ngozi. *Sijui.*
Nimezihesabu *sijui* zake: sita katika kurasa nne.
Kwenye kisanduku cha matokeo yanayotarajiwa:
*Huenda yasiwepo.*
Kwenye manufaa kwa uchumi:
*Hawaliki. Hawavuti jembe.*

Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha.

Nilikuwa na miaka sita. Bibi alisukuma gogo jikoni,
na ndani ya ufa wa gogo akatoka mmoja,
mweusi, wa manjano, akitembea polepole juu ya majivu.
Tazama, bibi akasema, mtoto wa moto!
Miaka mingi nilimsimulia hivyo, na watu walipenda.
Hakuwa mtoto wa moto.
Alikuwa amelala, tukamchoma kitanda.

Alhamisi tulikutana kwa simu.
Wawili ndiyo, wawili hapana.
Wa tano, Daktari Quadflieg, mtu mwema kwa kweli,
akauliza kama nusu ingetosha kwa kuanzia.
Nusu ya nini, nikasema. Ya kijito?
Kimya. Mtu akakohoa.
Tukaafikiana elfu mbili mia sita,
na kobe wakapata kilichobaki.

Jibu lake lilikuja Jumatatu, mistari mitatu.
Vijiti vimebaki elfu moja. Glavu hazikuguswa.
Petroli imefutwa: *nitakwenda kwa baiskeli.*
Kilomita ishirini na mbili, usiku, mvuani,
maana ni mvuani tu wanapotoka.

Sijui kama atapata kitu.
Nimeliandika neno hilo kwenye fomu yangu pia,
mahali pa *maoni ya msomaji*, kwa wino mwekundu.

Usiku ule nilitoka kuchukua kuni.
Kila gogo nililigonga mara mbili,
nikasubiri,
kisha ndipo nikaliingiza ndani.