Kisanduku cha Saba

Fomu ina visanduku kumi na viwili.
Nimejaza sita usiku huu, hapa Maabela,
ndani ya gereji iliyokuwa ya gari la marehemu baba,
ambamo sasa mna madawati tisa, ubao mweupe,
na AC inayokohoa kama mzee aliyekatazwa tumbaku.

Jina la biashara: Tuisheni ya Thuweba.
Usajili: upo, nambari hii hapa, nimeilipia.
Cheti cha zimamoto: kipo.
Alikuja kijana kuhesabu milango, akakuta mmoja,
akaniambia, mama, moto haupigi hodi.
Nikatoboa ukuta wa pili kwa riali mia na arubaini
nilizokuwa nimezibana kwa meno.

Kisanduku cha saba kinauliza:
Utapimaje maendeleo ya mwanafunzi?
Kimeachiwa mistari miwili.

Mistari miwili, jamani.
Mundhir peke yake haenei humo.
Alikuja na miaka kumi, hajui nusu wala robo,
anajua kunyamaza tu, tena kwa ufundi;
ukimwita jina anageuka nyuma, labda yupo mwengine.
Siku ya tatu nikafungua bakuli la halwa,
nikampa kisu: tugawie, tuko wanane.
Akagawa. Kipande cha mwisho kikatoka kidogo.
Akakitazama sana. Mwalimu, akasema,
hii si thumuni, hii dhulma.

Dhulma ni asilimia ngapi?
Nikakiacha kitupu.

Wizarani, nyuma ya kioo, kanzu imenyooshwa, adabu tele:
"Bibi, mfuko huu haumpi mfanyabiashara mkononi.
Unaipa skuli, na skuli ndiyo ikuite wewe.
Lete barua ya mwalimu mkuu. Na hapa pa saba pako wazi."
Mwalimu mkuu yupi?
Akapitisha kidole kwenye majina ya watoto wangu.
"Hawa wote wa Bi Raudha."

Bi Raudha.
Aliyesimama mbele ya wazazi na kipaza sauti
akasema tuisheni ni dumuzi, inaila skuli kwa ndani.
Aliyenikuta sokoni, kwenye samaki,
akakumbuka ghafla kwamba amefuata vitunguu.

Nilikaa garini. Jua la Mei, usukani haushikiki.
Watoto kumi na wanane:
kumi na mmoja hawalipi, watano hulipa wakikumbuka,
wawili hulipa mayai.
Umeme haupokei mayai.
Nikaenda.

Alilisoma daftari langu la mahudhurio
kama mtu anayesoma tanzia, akiogopa jina analolijua.
"Mundhir? Huyu kwetu hasemi."
Kwangu anasema mno, ndiyo tabu yake.
Hakucheka. Alivua miwani.
"Nina thalathini na wanane kila darasa.
Wa nyuma sizijui sauti zao."
Hilo hakulisema kwa kipaza sauti.

Wino wa muhuri ulikuwa umekauka. Akaupulizia pumzi,
akapiga, ukatoka nusu. Akapiga tena.
"Lakini utafundishia hapa, maktaba, saa nane,
mlango wazi, nikuone."
Nikaufikiria mlango wangu wa riali mia na arubaini.
Basi. Utafunguliwa usiku,
kwa wale ambao hawamo kwenye orodha ya mtu yeyote.

Juu ya meza yake, kwa kalamu yake,
nikajaza kisanduku cha saba:
Akipewa kipande kidogo atakijua, na atasema.
Ukabaki mstari mmoja.

Simu imelia leo katikati ya somo:
ombi limepokelewa, jibu ndani ya siku tisini za kazi.
Nikawaambia watoto, robo mwaka hiyo, tusubiri.
Mundhir akanyanyua mkono.
Ukitia na Ijumaa na Jumamosi, mwalimu,
inapita thuluthi.
Nikageukia ubao, nikapiga hesabu.
Inapita.