Reli Inapochokea

Wiki ya kwanza nilipata wafuasi kumi na mmoja.
Tisa wa ukoo.
Wa kumi mimi mwenyewe, kwa simu ya Evarist.
Wa kumi na moja anauza miwani Dubai
na anawapenda walimwengu wote kwa usawa.

Nilikuwa naandika kama spika ya mnadani:
Mteja mtukufu, jipatie sabuni bora ya mawese,
ofa kabambe, wahi kabla haijaisha.
Haijaisha! Stoo imejaa mpaka dari,
panya wa Gungu wanatembea wametakata.

Evarist ni mtoto wa dada,
amesomea mambo haya miezi mitatu Dodoma.
Mama mdogo, akasema, posti saa tatu usiku,
watu wameshakula, vidole vimelegea.
Weka alama ya reli, ikufikishe mbali.
Nikacheka. Reli, Kigoma?
Hapa ndipo inapochokea.
Nikaziweka hata hivyo, reli tano, reli kumi.
Hakupanda mtu. Hakushuka mtu.

Halafu Alhamisi ile magadi yakazidi.
Pipa zima likakataa kuganda,
limelala pale kama uji wa mgonjwa,
na mawese yamepanda bei tangu Pasaka.
Nikapiga picha kwa hasira, mkono wangu umo,
ukucha uliokatika umo,
nikaandika: Mwakeye. Imenikataa. Nani yamemkuta?
Nikazima taa.

Asubuhi simu ina joto la sufuria.
Nusu yao walikuja kunisahihisha:
mwakeye gani hiyo saa tatu usiku, hujui kwenu?
Wa Kakonko akasema punguza magadi, ongeza mise.
Wa Uvinza, angesema nini kingine, akasema chumvi.
Bibi mmoja wa Ujiji alituma sauti ya dakika sita,
nne za kwanza anasalimia.
Na askari yuko Tarime, kwao Heru Juu,
hakuleta dawa yoyote,
alisema tu picha ile inanukia jiko la mama yake.

Picha hainuki.
Nilimjibu lakini. Niliwajibu wote, mmoja mmoja,
kwa kidole chenye plasta,
bando la elfu mbili likakata katikati ya neno asante,
nikanunua jingine nikamalizia "nte".

Evarist akaja mbio na mchoro wake, mstari umepanda kama kilima cha Mwanga.
Umetumia mbinu gani?
Nilisalimia.
Akaandika kwenye daftari:
Salamu, saa tatu usiku.

Mioyo mia sita na ushee.
Miche iliyouzwa: minne.

Mama Kibogoye wa Kasulu ana simu ya tochi.
Hajawahi kunipa moyo, wala hanipi pole.
Kila Jumamosi ya pili anashuka na gunia lake,
anachukua katoni mbili, analalamikia bei,
anahesabu chenji mara tatu.
Nikamsimulia habari za watu wangu mia sita.
Akakunja kitambaa cha hela, akakisukuma kifuani.
Na hao wote, akauliza, wananawa na nini?

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Leo pipa limeganda.
Nilitia chumvi, sitaki kusema kiasi gani.
Nimekata miche, imenyooka, njano ya kiini cha yai,
mizuri hata haina la kuzungumzwa.
Evarist anashauri tuharibu pipa jingine, kidogo tu,
watu wanapenda kusaidia.
Kisu ninacho mkononi.
Naona uso wa Mama Kibogoye akikuta uji kwenye katoni.

Saa tatu kamili nimepiga picha ya mche mmoja juu ya gazeti la jana.
Sikuharibu kitu.
Ila nimeandika Mwakeye, usiku tena, makusudi.
Imekubali.

Sijaiweka simu chini, wa Uvinza huyo:
Si nilikwambia?