Mkebe wa Shangazi Idella

Kwanza nilidhani ni vifungo.
Mkebe wa bati wa mafuta ya nguruwe, kifuniko kimeng'ang'aniwa na kutu,
nyuma ya mitungi ya pichi aliyoisindika shangazi Idella
kiangazi cha mwisho, kabla moyo haujamsaliti.
Nikaufungua kwa kisu cha siagi.
Barua arobaini na moja.

Alabama ile karatasi ilikuwa ghali.
Asahel alianza mlalo, Orpha akaigeuza akamalizia wima
juu ya maneno ya mumewe,
sentensi zikapishana kama nyuzi za mtande,
na ukitaka kumsikia mmoja
sharti kwanza umnyamazishe mwingine.

Nimejifunza mengi. Kwamba mwaka 1857 mvua iliiozesha pamba
kabla haijapasuka. Kwamba Hosea, mtoto wao wa tatu,
alikufa kwa ugonjwa wa koo, "siku nne tu".
Nyumbu wao aliitwa Yeftha, miaka tisa,
jicho la kushoto lina ukungu, hapendi daraja.
Yote kwa mkono wa Asahel, mtu mpole,
aliyemwita mkewe "pumzi yangu".

Na humohumo, baada ya nyumbu, kabla ya mbegu:
"Mtoto wa yule mwanamke nimemuuza.
Deni la duka limekwisha. Nimekununulia kitambaa cha buluu."

Nikarudi juu. Nikasoma upya, mlalo, wima.
Nyumbu ana jina. Daraja lina jina.
Usiniambie ni zama zile.
Zama haziandiki barua.

Chini kabisa palikuwa na moja isiyofanana na wenzake,
mwandiko wa mwalimu wa shule, Mobile, Machi 1867:
"Bi Orpha, mkono ni wa mwingine, maneno ni yangu.
Naitwa Keziah, kama umesahau.
Sidai mshahara. Sidai lile blanketi.
Nataka jina la aliyemnunua Absalomu wangu
na njia waliyopita naye.
Sasa atakuwa na miaka kumi na minne.
Ana alama ya moto kiganja cha kulia.
Unaijua. Meko yalikuwa yako."

Barua nyingine zimekunjwa mara mbili, zikaachwa.
Hii imekunjwa na kukunjuliwa hata mikunjo imekuwa matundu;
nakiona kidole changu upande wa pili.
Mtu aliisoma. Usiku baada ya usiku aliisoma,
hakuichoma,
hakuijibu.
Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini kata ni nani hapa?
Orpha peke yake? Au kila mwanamke wa ukoo wetu
aliyerithi mkebe pamoja na mapishi ya pichi,
akaketi kwenye kiti hiki, akasoma, akafunika?

Nyuma yake, kwa penseli:
"Kwa Keziah. Mnunuzi alikuwa"
Basi. Hata nukta hakuna.
Penseli ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

Nje jirani anavuna pamba kwa mashine,
taa zake zinapita ukutani, zinarudi.
Nimechukua kalamu. Najua ni kichekesho.
Nimeandika: Kwa watoto wa Absalomu, popote mlipo.
Kisha nimekwama palepale alipokwama yeye.

Mahakama ya kaunti hufunguliwa saa mbili asubuhi.
Wanayo madaftari ya mauzo huko chini, kwenye vumbi,
yamepangwa kwa majina ya wauzaji.
Hilo nalijua.