Safu ya Nne

Tumetandaza ramani mezani, ghorofa ya pili, Igogo,
tukaikandamiza pembe kwa vikombe vya chai,
maana upepo wa ziwa haubishi hodi.
Magari arobaini. Wiki sita. Barabara moja,
kutoka Mkuyuni hadi kona ya Butimba,
pale jabali linapoinamia lami
kama mtu anayechungulia barua ya mwenzake.

Ishirini yatafungwa kisanduku,
kidogo kama kipande cha sabuni ya mche.
La mbele likifunga breki, la nyuma litaambiwa
kabla jicho halijaona taa.
Ndivyo kinavyoapa kijitabu cha mtengenezaji,
ambaye kwao, nadhani, hakuna mawe.

Tukashuka kupima. Saa sita, jua la utosi.
Mita mia, peupe: yanasikilizana.
Mita sitini, nyuma ya jiwe: kimya.
Ndalahwa akarudia mara kumi na moja. Kimya.
Mama anayekaanga sangara akatuangalia hadi akachoka:
"Hapo hata simu hukata. Si mngeniuliza?"
Nikaliandika jina lake daftarini, Nyanjige,
chini ya kichwa cha habari: Vyanzo vya Taarifa.

Mwezi ukiandama, wadudu wa ziwani hupanda kama moshi,
huziba kioo. Tukaongeza wiki ya saba.
Ng'ombe wanaopelekwa mnadani hawana kisanduku.
Bodaboda hana. Mtoto na ndoo yake, hana.
Jedwali likaota mkia.

Ndipo Kwandu, mtu wa takwimu, asiyepandisha sauti,
akaweka ncha ya kalamu kwenye safu ya nne:
ishirini yasiyofungwa kitu,
ya kulinganishia.
"Tukishaona kinaokoa, haya tutayaacha bubu hadi lini?
Na moja likigonga mtu,
tutaandika moja, tushukuru kwamba tofauti imeonekana?"

Chai ikapoa. Kivuko cha Kamanga kikapiga honi mara mbili,
hakuna aliyegeuka.

Tulikubaliana jioni:
tusisubiri ajali, tuhesabu breki za ghafla,
na tofauti ikijitokeza mapema, jaribio lisimame,
yote yafungwe.
Nikachukua ufutio, nikasugua neno ajali
juu ya safu ya nne, nikapuliza vumbi lake.
Karatasi ukiielekeza dirishani
bado linasomeka.

Kesho, kabla ya kisanduku cha kwanza,
naanzia kwa Nyanjige,
nimuulize panapokata pengine.