Mataruma

Saa kumi na moja alfajiri nilifunga mlango wa Majengo
nikaficha ufunguo ndani ya kiatu kibovu cha barazani.
Mgongoni hema la skauti la mpwa wangu Shebwana,
mkobani mahamri manne, maji, muhogo, kibiriti, kisu.
Adhana ilinikuta Makupa.
Malori yalikuwa macho tangu jana.

Changamwe nikaiacha barabara, nikaishika reli ya zamani.
Mataruma hayakupimwa kwa mguu wa mtu:
moja ni fupi, mawili ni marefu,
basi unatembea kama aliyesahau jambo nyumbani,
hatua, hatua na nusu, kokoto, hatua.
Kufika Jomvu, goti la kushoto lilikwisha anza kuuliza maswali.

Halikuwa peke yake.
"Wenda kwa nani?" aliuliza mama wa viazi karai,
mwiko ukidondosha mafuta.
"Siendi kwa mtu."
Akanipima toka mtandio hadi raba.
"Kuna msiba?"
"Hapana."
Akaniongeza kiazi kimoja cha bure,
kama apewavyo mwenye msiba asiotaka kuusema.

Miritini, mlinzi wa yadi aliniita kwa filimbi.
Nikamwambia: mimi karani wa bandari,
miaka kumi na saba nahesabu makontena,
leo nahesabu mataruma.
Hakucheka. "Umefika ngapi?"
"Yalinipotea kwenye elfu mbili na kitu, majani yameyafunika."
Akafikiri. Akasafisha koo.
"Basi anza tena. Hili hapa ni moja."

Moja.
Jua lilikuwa limenikalia utosini kama mzigo wa mtu mwingine.
Mbili.
Lengelenge la kisigino lilipasuka karibu na mia nne,
na baada ya hapo sikuhesabu kitu.
Nilisikia tu raba zangu, na njiwa fulani
aliyekuwa akirudia neno lile lile
bila kulichoka.

Mwache niliifikia maji yakitoka.
Kaa wenye gando moja kubwa walisimama milangoni mwao
wakanipungia, au wakanifukuza, sijui lugha yao.
Nilipanda kilima, nikachagua mkanju.
Nguzo moja ya hema haikuwamo mfukoni (Shebwana!)
nikakata kijiti, nikakichomeka.
Hema likainama upande wa kibla.
Nikaona si vibaya.

Muhogo uliungua nje, ndani ukabaki mbichi.
Niliula wote.

Usiku komba alilia kama mtoto mchanga.
Nilijua ni komba.
Nikasema kwa sauti: ni komba.
Nikakaa macho mpaka saa tisa, kisu pajani,
nikimsikiliza mtoto yule asiye mtoto.

Kisha nikafungua zipu, nikatoa kichwa.
Mbali kule, kreni za Kilindini zilikuwa zinawaka,
zinainua, zinashusha, zinainua.
Yuko mtu anayahesabu, kalamu sikioni,
chai imepoa kando ya daftari.
Si mimi.
Nikalala kama gunia.

Asubuhi mchunga mbuzi, kijana wa miaka kumi hivi,
alisimama mbele ya hema langu lililopinda,
akaliangalia, akaniangalia.
"Umetoka wapi?"

Jana nzima hakuna aliyeniuliza hilo.
Nikamsogezea andazi la mwisho, nikavua kiatu,
maana hadithi ilibidi ianzie kisiginoni.