Safu ya Saba

Kwa Asaa, fundi ngoma wa Limbani,
kuna meza moja tu, na mguu wake mmoja ni tofali.
Sharboko amemwaga juu yake vizibo vya soda, sitini na vinne,
vyekundu mbele, vya chungwa nyuma,
anavisukuma kwa ukucha wa kidole gumba:
"Hapa. Hapa ndipo Nyota ilipofunguka.
Tarumbeta huku, ngoma kubwa katikati kama kitovu,
pembe tano zikazunguka bila kupinda,
pembe tano, Kombo! Halafu, dum,
nyota ikawa kikonyo cha karafuu.
Wete nzima ilinyamaza. Hata wauza mishikaki."

Kombo anatafuna jambo, analimeza.
Alikuwa bingwa wa malumbano kabla ya kuingia beni,
na akikasirika hurudi kwenye mizani:

*Nyota yachorwa na mwana, kwa kijiti kwenye vumbi,*
*Bali safu kupishana, wimbi ndani ya mawimbi,*
*Na mabega kukosana, kwa upana wa utambi,*
*Nionyeshe kwengineko, nami nyota nitasifu.*

Sharboko anafuta jasho. "Mimi sina vina," anasema.
"Nina macho."

Ndivyo wanavyoshinda kila Jumapili.
Nyota au Mkeka. Mkeka au Nyota.
Siku moja mgeni kutoka Unguja alitaja
duara mbili zilizoingiana kama pete, uwanja wa Amani.
Walimsikiliza kwa adabu, wakamwongeza kahawa,
hawakumjibu.

Mimi nakaa mlangoni, nashona mikanda ya ngoma.
Hawaniulizi.
Nilikuwa ndani ya huo Mkeka:
safu ya saba, wa tatu kutoka kushoto,
filimbi mdomoni, viatu vya dada yangu vimejazwa magazeti.
Na nakwambia wewe, si wao:
ndani ya mchoro hakuna mchoro.
Kuna shingo ya Mwanaisha Ngwali na kipele chake,
kuna mstari wa chokaa unaofutika,
kuna nane, geuka, nane, pita,
na hofu kwamba doa litakuwa wewe.

Kombo hupenda zaidi pale katikati,
Mkeka ulipofumbua tundu ghafla, kama jicho,
safu zikalizunguka, zikajisuka tena.
"Mwalimu Shaame alikuwa na akili ya buibui,"
husema, na huondoa kizibo kimoja mezani
ili tulione tundu.

Kizibo hicho ni Time Faki.
Alikuwa na homa, aliificha asije akavuliwa sare.
Alianguka bila sauti, kifudifudi,
njuga zake zimekwama chini ya tumbo.
Hakuna aliyetuamrisha.
Safu ya tano ilimpisha kulia, ya sita kushoto,
mimi nikaruka hesabu moja
kisigino changu kisije kikakuta vidole vyake,
na wote wa nyuma wakaruka nami.
Kwenye nane ya tatu aliinuka, mchanga kwenye meno,
akaingia pengo lake.
Jukwaa zima lilisimama.
Mwalimu Shaame naye akasimama, akainama kidogo,
akapokea.

Miaka thelathini na mmoja sijasema.
Leo sijui ni nini, labda sindano imenichoma.
"Kombo," nasema, uzi mdomoni, "kirudishe hicho."
"Kipi?"
"Ulichokiondoa. Hakikutoka uwanjani."

Wananitazama kana kwamba mkanda ndio uliosema.
Sharboko anataka kucheka, anaacha.

Asaa amemaliza kukaza ngozi. Anaijaribu, pigo moja, la pili.
Chini ya meza miguu inaamka,
ya Nyota na ya Mkeka,
yote kwa wa kushoto.
Kombo bado amekifumba kizibo kiganjani.