Habari za Nyumbani

Baridi ya Mafinga asubuhi inang'ata masikio,
ukungu umelala juu ya magogo
kama nguo iliyosahauliwa kuanuliwa.
Longino anapanga mbao. Mbili kwa sita huku,
moja kwa nane kule. Zenye fundo anazitenga,
anazigeuza uso ziutazame ukuta.

"Kamwene, Longino!" anaita mama Sanga wa vitumbua.
Kimya. Anahesabu. Ukimkatiza saa hii
anaanza upya toka moja,
na sitini na nne ni mbali.

Ndipo unapoanza mgao wa majina.
Mwendesha msumeno: "Depresheni hiyo."
Binti wa vocha, aliyesikia redioni:
"Bipola. Jana kacheka peke yake, leo kanuna."
Mpakiaji: "Faili lake liko Mirembe, limekosa nauli tu."
Wanacheka. Chai inamiminwa.
Kila mtu daktari,
na mgonjwa mwenyewe haumwi.

Ngoja amalize safu, kisha muulize: Habari za nyumbani?
Atakujibu, maana umeuliza.
"Kuku mweupe ametaga mawili, moja ganda laini.
Mama amekohoa mara saba kabla ya alfajiri, jana tano.
Bati la jikoni linavuja, upande wa Kinyanambo."
Sisi tunasema "salama" tukapita.
Kwake salama ni mlango uliofungwa.

Mimi ni dada yake, na mikono yangu si safi.
Msibani kwa baba mdogo, Ifunda,
Longino alisogea hadi kwenye jeneza, akainama, akasema
kwa sauti ya kiwandani:
"Msumari wa tatu umepinda. Na ubao huu mbichi."
Shangazi Edita akashika kichwa. Macho yote yakanigeukia.
Nikatabasamu kama mdaiwa wa dukani:
"Mtuwie radhi, ana stresi. Ana sonona kidogo."

Kidogo! Kama chumvi.

Sonona naijua. Mwaka niliomzika mwanangu
ililala kitandani kwangu miezi minne,
ikavaa khanga zangu,
ikakataa ugali kwa mdomo wangu.
Waliokuja walisema jikaze, Skolastika.
Longino hakusema kitu.
Kila jioni alileta kipande cha mbao kilichopigwa randa,
akakiweka dirishani, akaondoka.
Harufu ya utomvu chumba kizima.
Vilifika mia moja na kumi na tisa. Ninavyo.

Ndiyo hiyo niliyoishona koti nikamvika yeye
mbele za watu, ili wasiniulize zaidi.

Tukirudi, nyuma ya pikapu, aliniuliza:
"Sonona ni nini?"
Nikamweleza. Akanyamaza
mpaka taa za Mafinga zikaonekana.
"Basi ilikuwa yako," akasema.
"Mimi niliona msumari."

Huenda analo jina, limeandikwa mahali na mtu aliyesoma.
Siku likija libishe hodi, livue viatu,
limkute amekaa, limwulize yeye.
Sitalifuata tena gengeni.

Leo mama Sanga ameita mara ya pili,
sufuria la mafuta linamsubiri:
"Huyu mdogo wako ana nini lakini?"

Nimesogea, nimesikiliza midomo yake.
"Ana arobaini na moja," nimesema.
"Subiri kidogo."